Nyuzi

Juma la tatu la Julai. Burslem, mji wa vyungu na sahani.
Matofali mekundu yamelinywa jua mchana kutwa,
usiku yanalitapika vyumbani.
Napita mlango hadi mlango na begi la vipimajoto,
vidude vyeupe, ukubwa wa kiberiti,
nabisha, nauliza:
naomba kukiacha kimoja mahali unapolala?

"Wewe joto si umelizoea," wananiambia.
Nimetoka Singida, basi nacheka.
Siwaambii kwamba kwetu dirisha hufunguka,
kwamba jioni tulitoa mikeka nje
na nyumba ikabaki peke yake kupoa.

Bi Beryl Colclough, miaka themanini na tatu,
ghorofa ya tatu. Dirisha lake lafunguka upana wa kiganja;
halmashauri walilitia skrubu, mtu asije akaanguka.
Tangu ana miaka kumi na mitano alipaka vikombe maua
hatua nne kutoka mdomo wa tanuri.
"Joto, mwanangu? Mimi nilishaokwa zamani."
Mahali akachagua mwenyewe:
kando ya kitanda, karibu na picha ya marehemu Wilf,
kofia mkononi, kama anayeaga.
Kisha akarudia kazi yake.
Julai ile, sweta limefungwa vifungo vyote,
na yeye anafuma soksi za sufu.

Lugha yangu ina mzaha wake:
joto tunalihesabu kwa nyuzi.
Nyuzi ishirini na tisa, saa nne usiku.
Nyuzi thelathini na moja, saa nane,
saa ambayo moyo wa mzee
ulipaswa kutua mzigo, ukae chini kidogo.
Nasoma tarakimu kwenye kompyuta
na naona mtu anafumiwa blanketi asiloliomba,
uzi juu ya uzi,
magotini, kifuani, shingoni.

Kwenye makala tunaviita vifo vya ziada.
Ziada!
Kama kipimo cha mchele, muuzaji kaongeza konzi.
Nani aliomba aongezewe?

Jumanne, nyumba ya Bi Beryl ikashuka.
Mtaa mzima nyuzi thelathini na mbili,
yeye ishirini. Jumatano ishirini. Alhamisi kumi na tisa na nusu.
Daktari Prosser, mkuu wangu, hakuinua hata macho:
"Kifaa kibovu. Futa."
Nikapanda basi, nikapanda ngazi.

Nikakikuta kimeketi ndani ya kisahani cha maua,
maji yamekifika kiunoni,
leso mbichi kimejitanda kama mgonjwa wa homa.
"Usiku kucha kinakonyeza taa nyekundu," akaniambia,
"nikajua kinaungua. Maskini, kadogo vile."
Kila saa aliamka kuilowanisha leso.
Midomo yake mwenyewe imepasuka. Vifundo vya miguu vimevimba.
Na wewe, Bi Beryl, umekunywa maji?
"Ah. Nilimtanguliza huyo."

Sikujibu. Nilitafuta beseni la vyombo,
nikalijaza, nikamvua soksi,
miguu ikaingia,
na akacheka kicheko cha msichana aliyeibiwa busu,
hata jirani akagonga ukuta.

Nimeifuta mistari mia mbili na themanini na nane.
Sayansi ina haki yake, na kipimo kilichoonewa huruma
hakipimi tena.
Kwenye safu ya maelezo nimeandika: *kifaa kilifunikwa*.
Kisanduku kile hakipokei zaidi ya herufi ishirini.

Desemba posta ikaniletea bahasha isiyo na barua.
Soksi mbili za kijivu,
moja imeizidi nyenzake
kwa nyuzi mbili, tatu hivi.
Nimezivaa hivyo hivyo.